Kupita Pwani kwa Kombi ya Zamani, Wastaafu Wawili

Kombi ya miaka ya 1970 haikwami njiani kwa sababu ya uzee. Hukwamishwa na joto, petroli inayovuja na chumvi, na barabara ya pwani inazo hatari hizo zote. Hapa naandika juu ya Volkswagen Type 2 yenye injini ya 1600, ile inayokaa nyuma na kupozwa kwa hewa. Habari za chumvi, gesi na maji kujaa zinahusu gari lolote la kulala.

Injini hiyo haina rejeta. Feni yake inazungushwa na mkanda uleule wa jenereta, kwa hiyo injini ikizunguka polepole, hewa ya kuipoza nayo hupungua. Ndiyo maana kung'ang'ania gia ya nne mlimani mpaka gari likokote ni kuipika injini. Rudi gia ya tatu mapema, iache izunguke, legeza mguu kidogo. Kwenye tambarare, kilomita 80 kwa saa zinatosha kabisa. Kwa wastaafu kama ninyi, wenye usukani usio na pawa na viti vya zamani, kilomita 150 hadi 200 kwa siku ni safari nzuri, mkipumzika kila baada ya saa mbili.

Kabla ya kununua kipoza oili cha bei kubwa, fungua mlango wa injini utazame ule mpira unaoizunguka, kati ya mabati yake na bodi. Kazi yake ni kutenganisha hewa baridi ya juu na hewa ya moto inayotoka chini. Ukichanika au ukikosekana, feni inavuta joto la injini yenyewe na kulirudisha palepale. Nimeona watu wengi wakihangaika na oili nzito na feni za ziada, kumbe mpira huo haupo.

Mkanda ubonyeze katikati kwa kidole gumba: unatakiwa uiname kama milimita 15. Ukilegea, fungua nati ya puli ya jenereta kwa spana namba 21, toa washa moja iliyo kati ya nusu mbili za puli, kisha uirudishe kwa nje, chini ya nati. Usiitupe, maana utaihitaji siku ya kufunga mkanda mpya. Bebeni mkanda wa akiba na hiyo spana. Taa nyekundu ya jenereta ikiwaka mkiwa mwendoni, simameni hapohapo na kuzima injini. Huenda mkanda umekatika, na kama umekatika, feni nayo imesimama.

Vali zisetiwe injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi kabla ya kuiwasha. Nafasi kati ya skrubu ya kusetia na ncha ya vali ni milimita 0.15, kwa vali za kuingiza na za kutoa moshi. Zungusha puli ya chini mpaka alama yake ilingane na ule mstari ambapo nusu mbili za kesi ya injini zinaungana, na rota ya distribyuta, ile inayogawa umeme wa plagi, ielekee silinda ya kwanza. Seti vali zake mbili, kisha rudisha puli kinyumenyume nusu mzunguko upate silinda ya pili, halafu nusu nyingine upate ya tatu, na nusu nyingine upate ya nne. Filageji, yaani kibati chembamba cha kupimia nafasi, ipite kwa kukwaruza kidogo. Vali iliyolegea hupiga kelele, lakini iliyobana iko kimya, na hiyo ndiyo ya kuogopwa: haikai sawasawa kwenye kiti chake, inashindwa kutoa joto, mwisho kichwa chake hukatika na kuvunja pistoni. Kwa hiyo injini kuwa kimya mno si dalili ya kufurahia. Rudieni kazi hiyo kila kilomita 5,000, pamoja na kubadili oili, lita 2.5. Hakuna filta ya karatasi, kuna chujio la waya tu, na ndiyo sababu oili hubadilishwa mapema hivyo.

Petroli ndiyo inayonitia hofu kuliko yote. Kesi ya injini ni aloi ya magnesi, na magnesi ikishika moto haizimiki kirahisi. Badilisheni mipira yote ya petroli, hata ule wa kwenye tangi usioonekana, kwa mipira yenye alama SAE J30 R9 inayovumilia petroli yenye ethanoli. Kila ncha ifungwe klipu. Filta isining'inie juu ya injini karibu na distribyuta. Mahali pake ni chini, karibu na tangi. Kisha shika kwa vidole kale kabomba ka shaba kanakoingiza petroli kwenye kabureta. Kakizunguka au kuchomoka kidogo, safari isianze mpaka fundi akakaze. Kizimamoto cha unga cha kilo 2 kikae mkono unapofika kutoka kiti cha dereva, si nyuma.

Tairi zisomwe tarehe. Namba nne za mwisho baada ya DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Gari linalosimama sana juani huchoka tairi huku kashata, yaani meno yake, zingali nene, kwa hiyo mimi hushauri kuzibadilisha zikifika miaka saba. Ziwe 185R14C, hiyo C ni ya magari ya mizigo, na kombi yenye kitanda, maji na vyombo ni mzigo kweli. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, yabadilishwe kila miaka miwili, la sivyo kwenye mteremko mrefu yanachemka na pedali inazama.

Sasa chumvi. Haidhuru sana pale unapoiona. Huingia kwenye mifereji ya paa, chini ya raba ya kioo cha mbele, ndani ya milango, sehemu za jeki na trei ya betri. Zibueni matundu ya kutolea maji chini ya milango kwa waya laini, pulizeni nta ya kuzuia kutu ndani ya mihimili kabla ya kuondoka, na kila mkipata maji yasiyo na chumvi, osheni uvungu kwanza, mwili baadaye. Msielekeze mpira wa maji kwenye matundu ya hewa ya pembeni nyuma, yanaelekea injini.

Msilaze gari kwenye mchanga wa ufukweni. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu kuna bamvu, maji hupanda juu kuliko kawaida, na katika pwani nyingi hujaa kila siku kama dakika 50 baada ya wakati wa jana. Tafuteni ardhi ngumu juu ya mstari wa mwani mkavu. Paa la kuinua lishushwe upepo ukizidi, na mlango wa pembeni uwe upande usio na upepo.

Betri ya pili, ile ya vyombo vya ndani, ikiwa ya asidi ya 100 Ah (ampea kwa saa) inatoa 50 tu bila kuumia. Friji ya kompresa ikila ampea 4 na kufanya kazi nusu ya muda, inamaliza hizo 50 kwa siku moja, kwa hiyo wekeni paneli ya jua ya wati 100 na muendeshe gari walau siku moja kati ya mbili. Kwa wenye insulini hesabu hii ni ya lazima, maana akiba yake hukaa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Wekeni kipimajoto ndani ya friji na insulini mbali na bamba la barafu, kwani ikiganda haifai tena.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo tundu la kuitolea liwe sakafuni. Viungo vyote vipakwe povu la sabuni. Mapovu yakikua, funga mtungi. King'ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, kiwe karibu na kitanda. Na wote wawili mjue kushusha paa, kufunga mtungi na kulegeza nati za gurudumu kwa bomba refu, maana anayeugua njiani anaweza kuwa yule aliyezoea kuyafanya.