Uso uliofutwa ukarudi

Jana niliingia Makumbusho ya Metropolitan, New York, kwa nia ya kupita haraka tu. Nikanasa mbele ya Gertrude Stein, picha ya mwandishi Mmarekani wa jina hilo, aliyoichora Pablo Picasso kati ya 1905 na 1906.

Mwili ni rangi za udongo, kahawia juu ya kahawia, laini, mama mzito aliyetulia kitini. Halafu unapanda usoni. Lo! Kinyago kabisa: macho hayalingani, kope nzito, pua kama imechongwa kwa tezo.

Stein mwenyewe alisimulia kwamba alikaa kuchorwa mara 90 hivi (mimi dakika tano za picha ya pasipoti zinanichosha). Kisha Picasso akaufuta uso wote, akaenda zake Hispania. Aliporudi akauchora upya bila Stein kuwepo, akili yake ikiwa kwenye sanamu za kale za Iberia (yaani za Hispania ya kale). Basi turubai moja, mitindo miwili, na mshono unauona pale shingoni. Wengine wataita kasoro. Kwangu ndio uhai wa picha.

Mlinzi alikohoa mara mbili ndipo nikajua wanafunga.