Ruti kwenye PinePhone si ya kuvunjia kufuli

Kwenye Android, kupata ruti (root, mamlaka kamili juu ya mfumo) ni kazi ya kufungua butiloda, programu inayowasha mfumo, na kubahatisha dhamana. Kwenye PinePhone, simu ya Linux, yenye mfumo wa Mobian, ruti ipo tangu siku ya kwanza: jina la mtumiaji ni mobian, nywila 1234. Andika sudo, neno la kuendesha amri kwa mamlaka ya ruti, mbele ya amri, basi.

Shida ndiyo hapo. Tarakimu unazobonyeza kufungua skrini ndizo sudo inazouliza. Ukiwasha SSH (njia ya kuingia kwenye simu kutoka kompyuta nyingine) kabla ya kuzibadili, yeyote aliye kwenye Wi-Fi moja na wewe anaweza kuingia na kushika simu nzima. Anza na passwd, amri ya kubadili nywila, weka tarakimu sita au zaidi. Ukitaka herufi, hakikisha kwanza skrini ya kufuli inakupa kibodi kamili, maana matoleo ya zamani ya Phosh, programu ya skrini ya simu hii, yalionyesha namba tu, na mtu akajifungia nje. SSH iingie kwa ufunguo wa kidijitali (faili la siri kwenye kompyuta yako), si kwa nywila.

Masasisho ni sudo apt update, kisha sudo apt full-upgrade, simu ikiwa kwenye chaji. Ikizimika katikati, sudo dpkg --configure -a mara nyingi huokoa jahazi.

Ukiharibu kabisa, usihangaike: PinePhone husoma kadi ya microSD kabla ya hifadhi ya ndani. Choma mfumo kwenye kadi, washa simu, fungua hifadhi ya ndani kwa mount, rekebisha faili uliloliharibu.

Betri? Tembea na pawabenki.