Krismasi ya kwenda nyumbani kwa miguu

Jumatatu, tarehe 29 Desemba 2025

Miguu bado ni mizito ninapoandika haya, na viatu vimeanikwa barazani vikiwa na tope la Mweka na la msitu wa Marangu yakiwa yamechanganyika. Mwaka huu Krismasi iliangukia Alhamisi, na kwa kuwa Ijumaa nayo ilikuwa sikukuu, tulipata siku nne mfululizo. Sisi tunaoishi Moshi mjini hatukeshi kwenye mabasi kama ndugu zetu wanaotoka Dar es Salaam, kwani kihamba cha ukoo wetu, yaani shamba la urithi lenye nyumba na migomba, kipo Mweka kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, mwendo wa kilomita 14 hivi kutoka hapa. Ukaribu huo ndio ulionipa wazo la kuwaalika ndugu waliokuja kula sikukuu wapande nami nyumbani kwa kukimbia, badala ya kubanana kwenye gari la baba mdogo.

Alhamisi ilikwisha kama zinavyokwisha Krismasi zote za kwetu: ibada, mtori, wageni, na vyombo vya kuoshwa hadi usiku.

Ijumaa saa 12 asubuhi tulikuwa watano barabarani. Barabara ya Mweka naifahamu vizuri, kwa sababu kwa miezi mitatu nimekuwa nikijiandaa kwa nusu marathoni ya Kilimanjaro ya Februari, ile inayoanzia na kumalizikia uwanja wa Ushirika, na ambayo wakimbiaji wake hupanda upande huo huo wa mlima kabla ya kugeuka na kuteremka mjini. Mji wetu uko katika mwinuko wa mita zisizofika 1,000 na Mweka ni kama mita 1,400, hivyo mtu hupanda karibu muda wote, na kila baada ya kilomita chache hewa hubadilika. Joto la mjini hubaki nyuma, migomba na mibuni hufunga pande zote mbili, maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, husikika kabla hayajaonekana, na watoto waliovaa nguo mpya za sikukuu husimama kwenye ua wa masale kuwasalimu wapita njia. Napenda kipande hicho kuliko barabara yoyote niliyowahi kukimbia.

Hapo ndipo nilipokosea. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, hukimbia kila Jumapili na kikundi cha mazoezi huko Temeke, wale wanaokimbia kwa pamoja huku wakiimba, na ana pumzi nzuri kwenye ardhi tambarare. Mlima ulimkatia mwendo kuanzia kilomita ya 7. Mimi nilikuwa nimeshaangalia saa ya mkononi na kuona kwamba siku hiyo ningeweza kuvunja muda wangu bora, nikamwambia tutakutana juu, nikaondoka. Niliupata muda huo. Nilipoingia uani na kusema shikamoo, baba mdogo aliitikia, akatazama nyuma yangu, akauliza, "Mama, mgeni wako yuko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi chini na kumkuta ameketi kwenye ukingo wa mfongo, msuli wa shavu la mguu umembana, na mama mmoja wa jirani, ambaye hata hamfahamu, akiwa amepiga magoti kumkanda na kikombe cha chai yenye sukari nyingi kikiwa pembeni. Alinipokea bila lawama yoyote, na jambo hilo lilinichoma zaidi. Tulitembea pamoja kilomita zilizobaki, na katika saa hiyo moja nilisikia habari za kazi yake, za ugonjwa wa shangazi na za mtoto wake aliyeanza shule, habari ambazo kwa mwaka mzima sikuwa nimezipata zaidi ya salamu za simu.

Jioni tulikaa uani kwenye kisusio, supu yetu ya mbuzi yenye damu, na mbege, na vijana wakatoa simu kuitazama tena marathoni ya ubingwa wa dunia aliyoshinda Mtanzania Alphonce Simbu mjini Tokyo tarehe 15 Septemba, ambayo nadhani kila mkimbiaji wa nchi hii ameshaitazama mara nyingi kama mimi. Saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda ule ule na Mjerumani Amanal Petros, na picha ya mstari wa mwisho ikaamua kwa tofauti ya sekunde 0.03. Baba mdogo, ambaye bado husimulia ushindi wa Juma Ikangaa kwenye marathoni ya New York mwaka 1989, hakuvutiwa sana na zile hatua za mwisho. Alitaka turudishe nyuma. "Mtazameni huko nyuma," alisema, "hakuwaacha wenzake wala wenzake hawakumwacha, kilomita zote hizo." Hakunitazama aliposema hivyo, lakini nilielewa.

Ujana wake baba mdogo aliutumia kubeba mizigo mlimani, akiwa miongoni mwa wale tunaowaita wagumu, na Jumamosi ndiye aliyetuongoza kifikra, ingawa mbele ya sheria alikuwapo mwongozaji mwenye leseni. Tuliingia lango la Marangu asubuhi na mapema kwa matembezi ya siku moja hadi vibanda vya Mandara, kilomita 8 za kupanda kutoka takribani mita 1,860 hadi 2,720. Kabla hatujaanza alimchukua binamu yangu, ambaye mguu ulikuwa umepoa lakini bado ana wasiwasi, akamweka mbele kabisa, na akatuamuru sote tufuate hatua zake. Alieleza kwamba msafara wa mlimani huongozwa na mwendo wa aliye mzito zaidi, kwa sababu akiwekwa nyuma hukimbilia kuwafikia wenzake, hufika wakati wao wamekwisha kupumzika na wanaondoka, na hivyo hapumziki kamwe. Alitutaka pia tuendelee kuzungumza njia nzima, na kila tulipokosa pumzi ya kumaliza sentensi tupunguze hatua.

Ilikuwa vigumu kwangu kwa nusu saa ya kwanza, kisha nikaanza kuuona msitu. Mbega walikuwa juu yetu wakitingisha mikia yao meupe, ukungu ulining'inia kwenye ndevu za miti, na kando ya njia lilikuwapo lile ua dogo jekundu na la njano ambalo halioti popote duniani ila kwenye mlima huu. Tulifika Mandara, mahali palipopewa jina la Mangi Rindi Mandara wa Old Moshi, baada ya mwendo wa saa nne, wote pamoja, bila mtu kuumia. Tukaongeza robo saa hadi kreta ya Maundi. Ukungu ulifunguka kidogo upande wa Taveta, binamu akakaa kwenye nyasi na kulia kwa furaha, nami nikakaa karibu naye.

Jana tulipumzisha magoti kwa baiskeli, polepole kwenye mashamba ya miwa ya TPC yaliyo tambarare, na jioni kukawa na kuagana.

Basi lake limeondoka leo alfajiri. Pale stendi aliniomba nimtafutie namba ya ushiriki ya kilomita 21, nikamwambia kwamba kwenye mpando wa Mweka atakaa mbele yangu, na kwamba saa ya mkononi nitaiacha nyumbani. Baba mdogo ameahidi kusimama barabarani na kata ya maji.