Ubeti Ambao Haukuimbwa

Kila mwaka, sikukuu ya Ekaristi inapowadia, watu hufurika Bujora, pale Kisesa karibu na Mwanza, kutazama Bulabo, mashindano ya ngoma ya Wasukuma ambamo makundi mawili hasimu, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja, kila upande ukijitahidi kuwavuta watazamaji wa upande wa pili. Mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi zaidi. Kwa sababu hiyo ningi, yaani manju wa kundi, hutunga nyimbo mapema, na zile za kumkejeli mpinzani huziweka akiba kwa ajili ya siku yenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja ambaye ni ningi aliniimbia, siku mbili kabla ya mashindano, ubeti wa kejeli ambao hadi leo naamini ulikuwa bora kuliko vyote alivyotunga. Siku ilipofika hakuuimba. Asubuhi ile alikuwa amepata habari kwamba mpinzani wake amefiwa na dada yake. Watu walihamia upande wa pili, naye akaendelea na nyimbo zake za kawaida mpaka jua lilipozama.

Humkumbuka mzee huyo kila ninaposoma kwamba kompyuta imefikia, au itafikia, ubunifu wa mwanadamu. Wanaokanusha kwa kusema kwamba mashine hufanya tu ilichoagizwa wanarudia hoja ya mwaka 1843, wakati mwanahisabati Ada Lovelace alipoandika kwamba mashine iliyobuniwa na Charles Babbage haidai kuanzisha jambo lolote. Mwanahisabati Alan Turing aliijibu hoja hiyo mwaka 1950, akasema kwamba mashine zilimshangaza mara nyingi. Kisha Machi 2016, jijini Seoul, programu ya AlphaGo iliposhindana na bingwa Lee Sedol katika Go, mchezo wa ubaoni, hatua yake ya 37 katika pambano la pili iliwaacha mabingwa wameduwaa, na programu yenyewe ilikadiria kwamba uwezekano wa binadamu kuicheza hatua hiyo ulikuwa mmoja kati ya 10,000. Ikiwa kubuni ni kuleta jambo jipya, lenye kufaa na lisilotarajiwa, basi mashine imebuni, na sioni haki ya kuligeuza neno hilo maana kila mashine inapolikaribia.

Shaka yangu iko kwenye hiari. Programu zinazotunga mashairi leo hukadiria ni neno gani linaelekea kufuata, kisha huokota moja kati ya yale yanayowezekana, na fundi anayetaka tungo zisizotabirika huongeza kiasi cha bahati nasibu katika uokotaji huo. Lakini kete ikirushwa haijaamua kitu. Najua kwamba hata ubongo wetu umetiliwa shaka: mwaka 1983 mtafiti wa ubongo Benjamin Libet na wenzake walionyesha kwamba shughuli ya ubongo inayotangulia kusogeza mkono huanza kabla mtu hajatambua kuwa amekusudia kuusogeza. Watafiti bado wanabishana kuhusu maana ya matokeo hayo, lakini Libet mwenyewe alishikilia kwamba mtu hubaki na nafasi fupi ya kulizuia tendo lililokwisha kuanza kuchomoza, na hapo ndipo ninapomwona mzee wangu, ubeti ukiwa tayari kinywani, akiurudisha.

Nilijaribu jambo hilo kwa programu. Niliieleza habari ya mashindano, ya ubeti na ya msiba, nikaiuliza ningi afanye nini. Ikanishauri, kwa maneno ya upole kabisa, kwamba auache. Ushauri ulikuwa sahihi na nimeutafakari sana, kwa sababu mzee alifika mahali hapohapo. Ila yeye alikuwa na uwanja wa kupoteza, na vijana wa kundi lake waliokuwa wakimtazama kwa hasira, na mwaka mzima wa kungoja nafasi nyingine. Programu ingeweza kunipa jibu kinyume na lile kama ningekuwa nimeuliza kwa namna nyingine, na kwa vyovyote vile isingepungukiwa na chochote.

Mwaka uliofuata nilimtembelea mzee, nikamwomba aniimbie tena ubeti ule, tukiwa sisi wawili tu. Alikataa. Hakunipa sababu, akaniimbia mwingine.