Siku moja ya kazi Rhodes: kutoka gatini hadi mtaa wa Wayahudi

Saa 11:00 alfajiri. Kabla ya kushika ndoo na fagio, ninasoma ubao wa matangazo wa wafanyakazi wa meli yetu ya watalii. Natafuta mambo matatu. Kwanza, meli inafunga gatini au inatia nanga nje? Rhodes, kisiwa cha Ugiriki, meli hufunga gatini, hatua chache tu kutoka ukuta wa mji mkongwe, lakini siku ya msongamano moja inaweza kubaki nje na watu wakashushwa kwa mashua. Hapo toa saa nzima kwenye hesabu yako, kwenda na kurudi. Pili, orodha ya wanaobaki melini kwa dharura, maana kila bandari lazima baadhi yetu wabaki. Tatu, saa ya mwisho ya kurudi, ambayo kwetu wafanyakazi ni mapema kuliko ya abiria.

Saa zenyewe hazina taabu. Majira ya joto Ugiriki ina saa moja na Nairobi na Dar es Salaam.

Saa 2:00 asubuhi. Abiria wanaanza kushuka. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania akumbuke viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ugiriki ikiwemo, na iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Safari nyingi za bahari ya Aegean hupitia Uturuki katikati, na meli ikitoka Kuşadası kurudi Ugiriki, huko ni kuingia upya. Viza ya mara moja huishia hapo. Sisi mabaharia tunaruhusiwa kushuka bila viza, ila tubaki ndani ya mji wa bandari na ile inayopakana nao.

Saa 3:45. Zamu ya asubuhi imekwisha. Mfukoni: kitambulisho cha meli, chupa ya maji ya lita moja na nusu, noti ndogo za euro. Mwilini: shati lenye mikono, suruali ndefu, viatu vya soli nene. Njia za mji mkongwe zimetandikwa kokoto zilizosimamishwa wima, na ndala hazifai kabisa.

Watu wengi hupotea hapa hapa mwanzoni. Wanafuata umati hadi lango kubwa la baharini, wanavutwa na maduka ya mtaa wa Sokratous, wanapanda hadi kasri la wapiganaji wa Mtakatifu Yohana, Wakristo waliotawala hapa kabla ya Waturuki, na wakikumbuka sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi, imekwisha kufungwa. Ukitoka gatini, ingia kwa lango la Panagia. Ndani yake utaona magofu ya kanisa la Panagia tou Bourgou. Yakishakuwa mbele yako, shika kulia. Dakika chache tu na umefika.

Saa 4:00. Uwanja wa Mashahidi wa Kiyahudi. Utautambua kwa chemchemi yenye farasi wa baharini watatu wa shaba. Wenyeji wake wa zamani waliuita Calle Ancha, njia pana, kwa Ladino, Kihispania cha Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Wengi wao walifika hapa baada ya Waturuki kuiteka Rhodes mwaka 1522, lakini Wayahudi walikuwepo kisiwani karne nyingi kabla yao. Msafiri Benjamin wa Tudela aliwakuta katika karne ya 12.

Chini ya miti kuna nguzo ya jiwe jeusi yenye pande sita, kila upande lugha yake, Ladino ikiwemo. Meza za mikahawa ziko karibu mno nayo, na watu huipita wakitafuta kiti. Simama, soma walau upande mmoja.

Saa 4:10. Kutoka uwanjani ingia kichochoro cha Dossiadou. Ramani ya simu huyumba hapa kwa sababu kuta ni ndefu na njia ni nyembamba, kwa hiyo fuata vibao. Sinagogi yenyewe, Kahal Shalom, imesimama kwenye kona ya Dossiadou na Simiou. Hufunguliwa saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri, Jumapili hadi Ijumaa, kuanzia Aprili hadi Oktoba. Jumamosi imefungwa. Angalia pia kalenda ya sikukuu za Kiyahudi, kwani Septemba na Oktoba sikukuu hizo hufuatana kwa karibu na hufunga milango siku ambazo hukutarajia. Lipa kiingilio kwa noti ndogo, funika mabega, na wanaume wavae kofia. Ukiwa huna, kofia ndogo za kuazima ziko mlangoni.

Ilijengwa mwaka 1577, na kati ya sinagogi zinazotumika hadi leo katika Ugiriki yote, hakuna kongwe kuliko hii. Tazama chini kwanza: sakafu ni kokoto nyeusi na nyeupe zilizopangwa kwa mapambo, ufundi wa kisiwa hiki. Katikati kuna jukwaa la kusomea Torati, wala si mbele kama mimbari ya kanisani. Kisha geukia mlango wa uani. Makabati ya Torati ni mawili, moja kila upande wa mlango. Roshani ya wanawake ni ya miaka ya 1930. Kabla yake wanawake walikaa vyumba vya pembeni, wakisikiliza ibada kupitia matundu ya ukutani.

Kaa walau nusu saa. Makundi ya waongoza watalii hukaa dakika kumi, na yakitoka ukumbi unakuwa wako.

Saa 5:00. Vile vyumba vya wanawake ndivyo makumbusho sasa. Hapa Mswahili apunguze mwendo, maana historia ya mtaa huu inagusa kwetu. Tangu mwanzo wa karne ya 20, vijana wa Rhodes waliokosa riziki walikwenda Kongo na Rhodesia, yaani Zambia na Zimbabwe za leo. Elisabethville, yaani Lubumbashi, ikawa Rhodes ya pili: maduka, sinagogi, na wafanyabiashara waliozungumza Ladino nyumbani na Kiswahili cha Katanga dukani. Nissim Soriano, baba yake Moïse Katumbi aliyekuwa gavana wa Katanga, alitoka kisiwa hiki. Wengine waliondoka mwaka 1938, Italia iliyotawala hapa ilipopitisha sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Kwa waliopata njia ya kwenda Afrika, Afrika iliwaokoa.

Waliobaki walishikwa Julai 1944 na Wajerumani, waliokuwa wamekichukua kisiwa kutoka kwa Waitalia. Wanaume waliitwa kwanza, eti kukaguliwa vitambulisho, kisha wanawake na watoto. Tarehe 23 Julai walipakiwa kwenye mashua za mizigo hadi Piraeus, bandari ya Athens, na kutoka Athens wakapelekwa kwa treni za mizigo hadi kambi ya mauaji ya Auschwitz, walikofika tarehe 16 Agosti. Walikuwa zaidi ya 1,600. Walionusurika ni kama 150. Konseli wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, aliwatoa watu wapatao 42 kwa kushikilia kwamba ni raia wa nchi yake, au ni wake na waume wa raia hao.

Ndiyo maana mtaa ni mzuri na hauna wenyewe.

Saa 6:15 mchana. Jua kali. Tembea upande wa kivuli, bila haraka. Tazama juu ya milango, baadhi bado ina mawe ya maandishi ya Kiebrania. Viwanja vitupu kati ya nyumba si bustani: mabomu ya Waingereza yaliyolengwa bandarini mwaka 1944 yaliuangukia mtaa huu, kwa kuwa ukuta tu ndio unaoutenga na gati. Sinagogi kubwa iliyoitwa Kahal Grande nayo ilibomoka wakati wa vita.

Saa 7:00. Ukiwa bado na saa mbili mkononi, chukua teksi hadi makaburi ya Wayahudi, barabara ya kwenda Kallithea. Patana na dereva akusubiri, kwa sababu kupata teksi ya kurudi ni bahati. Mawe ya zamani yamelala juu ya makaburi, hayakusimamishwa. Usiyakanyage ukitafuta picha. Ukitaka kuacha kitu, acha kijiwe.

Saa 8:30. Gatini. Foleni ya ukaguzi wa mizigo huwa ndefu saa ya mwisho, kwa hiyo nusu saa ya akiba si ya kuchezea.

Saa 10:00 jioni. Zamu ya pili. Ratiba inaonyesha kituo kijacho cha Rhodes ni Jumamosi. Sinagogi itakuwa imefungwa, lakini uwanja, nguzo na vichochoro viko wazi, na saa za mapema kabla ya mikahawa kupanga meza ndizo nzuri zaidi.