Udongo wa Bahi

Nilikuwa nimeshaipigilia ile nondo ya shaba ya ethi, ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, ikazama mita 1.2, kimebaki kichwa tu cha kufungia waya, na viganja vimenitoka malengelenge. Ilikuwa Septemba 2009, kwenye zahanati ya kijiji kimoja huko Bahi, Dodoma, msimu ambao udongo umekauka hadi kupasuka. Kwangu mimi kazi ilikuwa imekwisha. Fundi akatoa kipimo.

Alichomeka kijiti kimoja cha chuma umbali wa mita 20, kingine kwenye mita 12. Kipimo husukuma umeme kutoka kwenye nondo hadi kijiti cha mbali, kile cha kati kinasoma volti. Jibu: ukinzani wa omu 140.

"Haya, volti 230 gawa kwa 140."

"Ampea 1.6, fundi."

"Na fyuzi ni ya 30. Friji ya chanjo ikipiga shoti kwenye bodi lake la chuma, fyuzi haina habari. Sista akishika mlango, ndiyo basi."

Nikauliza kama tatizo si umbali, maana transfoma ilikuwa mbali huko barabarani. Hakunijibu. Aling'oa kijiti cha kati akakichomeka kama sentimita 30 tu kutoka kwenye nondo. Kikasoma 85. Yaani zaidi ya nusu ya ukinzani wote ulikuwa kwenye udongo ambao ningeweza kuufunikia karai! Umeme ukishatoka kwenye nondo husambaa pande zote, na kadiri unavyokwenda njia inapanuka. Msongamano uko mlangoni. Ndiyo maana radi ikipiga mti, ng'ombe waliosimama karibu wanaweza kufa bila kuguswa: miguu ya mbele na ya nyuma imekanyaga volti tofauti, umeme unapita mwilini.

Nikapendekeza chumvi na mkaa, kama nilivyoona kwa mafundi wengine. Akakataa; chumvi hula chuma, na mvua huiosha. Tukapigilia nondo ya pili hatua kadhaa kando, tukaziunganisha, tukamwagia maji. Kipimo kikashuka hadi 52. Kwa fyuzi bado ni kazi bure, hivyo akafunga ile swichi inayokata umeme ukivuja miliampea 30 tu. Mimi ningeilazimisha kila nyumba ya nyanda kavu.

Tukiwa tunakusanya vifaa akamwita nesi.

"Sista, maji ya kufulia msiyamwage uani. Mwageni hapa, hasa kiangazi."

"Hata yenye sabuni?"

"Hata yenye sabuni."