Chuchu Laini

Mwanangu wa pili alizaliwa mimba ikiwa ya wiki 30. Siku za mwanzo maziwa yangu yalimfikia tumboni kwa mrija wa puani, kwa sababu mtoto njiti wa umri huo hawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa kupokezana. Wengi huanza kuiweza kazi hiyo kati ya wiki ya 32 na ya 34, na wapo wanaochelewa zaidi.

Wakati wa kujaribu chupa ulipofika tukaletewa chuchu laini kabisa, ukiibonyeza inabonyea yote. Pale wodini iliaminika kwamba njiti hana nguvu, basi apewe chuchu inayotoa maziwa kwa wepesi asije akachoka. Kwa kuisikia tu, ni huruma.

Mwanangu hakuiona huruma hiyo. Akivuta kidogo, maziwa yanamchuruzika pembeni mwa mdomo, nyusi zinapanda, vidole vinatanuka kama anayejishika asianguke. Kisha mashine inaanza kulia: oksijeni imeshuka, mapigo ya moyo nayo yamepungua, na kuzunguka midomo pameingia ubuluu. Chupa inaondolewa, anasuguliwa mgongo, rangi inarudi. Nesi mmoja wa mchana akasema mtoto ni mvivu wa kula. Niliudhika, na hadi leo neno hilo silipendi. Mvivu gani anameza mfululizo hadi anasahau kuvuta pumzi?

Usiku aliingia zamu nesi mtu mzima, mpole wa maneno. "Mama, hebu niione hiyo chuchu." Akaipindua chupa bila kuitikisa. Maziwa yakadondoka tone juu ya tone.

"Huyu hanyonyi," akasema. "Anamiminiwa."

Akaleta nyingine, ngumu kidogo, yenye tundu dogo. Alipoipindua, tone moja lilining'inia kwenye ncha, likabaki hapohapo. Tukamlaza mtoto ubavu, kichwa kimeinuka, chupa ikiwa karibu kulala sawa na yeye. Akivuta mara chache, nesi anaishusha chupa ili chuchu ibaki tupu, bila kuitoa mdomoni. Akishapumua vizuri, anaiinua tena. Nyusi zilitulia. Mashine haikulia. Hakumaliza maziwa, yaliyobaki yakapita kwenye mrija, na nesi hakujali hata kidogo. "Kumaliza kutakuja, mama. Sasa hivi tunataka ale huku anapumua."

Mama wa kitanda cha jirani akauliza kama chuchu yake aipanue tundu kwa sindano ya moto, kama alivyoshauriwa na nduguze. Nesi akakataa palepale: tundu la sindano halina kipimo, leo linatoa hivi, kesho vingine. Akatuonya pia tusiamini sana maandishi ya pakiti, kwani chuchu ya "polepole" ya kiwanda kimoja inaweza kutoa kwa kasi kuliko ya kiwanda kingine iliyoandikwa hivyohivyo. Ushauri huo naupenda kuliko yote niliyopewa hospitalini.

Kabla hajatoka zamu aliandika kwenye kadi ya kitandani aina ya chuchu, alazwe ubavu, asiharakishwe. Asubuhi wakaja na ile laini. Nikawaonyesha kadi. Walinuna kidogo, lakini waliibadilisha.